Mchana wa Majina

Moyoni mwake Fortunée alikuwa amekwisha kusema ndiyo. Kilichobaki ni kuitamka saa kumi jioni, pale getini, mbele ya Liévin. Kesho yake, Jumapili, ndege ya mizigo ingeruka kwenda Butembo, na ndani yake walikuwa wamepata nafasi mbili, moja ya Liévin na moja yake yeye. Nafasi mbili, jamani! Kisangani nzima ilikuwa inapigana vikumbo kutafuta hata pa kukalia juu ya gunia, na yeye, binti wa mvuvi wa Yanonge, alikuwa amewekewa yake na mwanamume anayempenda.

Na bado tangu asubuhi alikuwa akizunguka tu uani, akiokota kitu hiki na kukiacha, akiokota kile na kukiacha.

"Mutoto, keti kidogo," tonton Isaïe alimwambia. "Unatupatia kizunguzungu. Leo tunacheza nini?"

Tonton, yaani mjomba, ndivyo wote walivyomwita mzee huyo, alikuwa fundi wa mashine za meli enzi zake. Miguu ilikuwa imekufa zamani, ila mdomo ulikuwa mzima kabisa.

Swali lake lilikuwa la haki. Kuwapangia wazee michezo ndiyo iliyokuwa kazi ya Fortunée katika nyumba hiyo ya masista. Animatrice, walimwita. Jumatatu nyimbo, Jumanne dame, ile drafti ya vizibo vya chupa, Jumatano kusuka mikeka, Alhamisi rumba kwa wanaoweza kusimama, na wasioweza waliicheza kwa mabega wakiwa vitini. Kwa miaka mitatu ratiba hiyo ilikuwa imewaweka hai watu ambao jamaa zao walikuwa wamekwisha kuwatupa. Wengi wao walikuwa wameitwa walozi. Mmoja alifiwa na wajukuu wawili mwaka mmoja, basi, kawala yeye. Mwingine aliishi miaka mingi kupita wenzake, na hilo tu likatosha kumtoa kwake.

Lakini tangu askari wa majeshi mawili wajae mjini, wakitazamana kwa bunduki, ratiba ilikuwa inafutika siku baada ya siku. Makelele marufuku, kwa hiyo hapakuwa na nyimbo wala rumba. Mitumbwi haikuvuka mto, kwa hiyo hapakuwa na majani ya kusukia mikeka. Vizibo navyo askari mmoja alivikusanya vyote akacheka, akaondoka navyo. Fortunée alikuwa amekesha akijiuliza ni mchezo gani wanaobaki nao wazee kumi na watatu wasio na kitu mkononi.

"Leo ni mchana wa majina," alisema akikaa. "Kila mutu atataja watoto aliozaa, mmoja mmoja. Akitaja jina, sisi wote tunaitika 'Iko!', kwamba yupo. Lakini polepole, kwa sauti ya chini."

"Na wenye walikufa?" tonton Isaïe aliuliza.

"Wote tunaitika. Sitauliza nani yuko hai na nani amekufa."

Tonton Isaïe alianza, akataja majina kumi na moja, na la kumi na moja wakamcheka kwa sababu alisita kukumbuka mama wa mtoto huyo ni nani. Kicheko hicho Fortunée alikifurahia sana, maana ilikuwa wiki nzima hajakisikia. Majina yakazunguka duara, "Iko! Iko!" zikaitikwa kwa kunong'ona, hadi zamu ikamfikia Mama Masika.

Hapo Fortunée alitaka kuiruka zamu hiyo. Mama Masika hakuwa anazungumza. Miaka miwili tangu aletwe, alikuwa akisema ndiyo, hapana, na merci, basi. Alikuwa Munande, mtu wa upande wa Butembo, hilo walilijua kwa jina, lakini kwa Wanande kila binti wa kwanza huitwa Masika, kwa hiyo jina lilikuwa halimwelezi mtu yeyote lolote.

"Wa kwanza Paluku," Mama Masika akasema. "Alikufa mudogo."

Duara zima likageuka kumtazama. Tonton Isaïe ndiye aliyekumbuka kuitika. "Iko!"

"Wa pili Kambale. Jina la ubatizo, Zacharie. Huyo alikuwa mutu wa kazi. Alianza na kilo mbili za chumvi kichwani, leo iko na magazini mbili za kuuzia hapa Makiso, katikati ya muji."

"Iko!"

"Na Zacharie akazaa mutoto mwanaume. Liévin." Uso wa mama yule ulibadilika kabisa, ukawa na nuru. "Huyo alizaliwa na kidole cha sita, hapa pembeni, mukono wa kushoto. Miye mwenyewe nilikifunga na uzi mweusi. Siku ya nane kikaanguka, kikaacha kanundu kadogo. Nilimulea huyo. Alikuwa analala tu mugongoni mwangu."

"Iko!" wazee wakaitika.

Fortunée hakuitika. Kanundu hako alikajua. Mara ngapi alikuwa amekabonyeza kwa kidole gumba, pale getini, akimtania Liévin kwamba Mungu alianza kumpa kidole cha pete ya mke wa pili, halafu akaona huyu hataweza? Mara ngapi alikuwa amekabusu?

"Mama," alisema akijikaza, "ni nani alikuleta hapa?"

Mama Masika akamtazama kama aliyezinduka usingizini. Nuru ikazimika.

"Nimesema mingi," akajibu. "Zacharie alinikataza. Alisema nikitaja jina lake, batu watakuja kunichoma."

* * *

Masœur Philomène, mkuu wa nyumba, alikuwa anahesabu vidonge vya malaria ofisini. Fortunée aliingia bila kubisha.

"Masœur, ulijua Mama Masika ni nani?"

Sista hakujifanya. Aliweka chupa chini. "Nilijua. Mutoto wa Papa Zacharie alikufa na surua, majirani wakasema koko yake, mama ya papa, ndiye amemula. Walikuwa wanakuja na petroli, Fortunée. Yule papa alilia kwenye kiti hiki hadi nikamuonea huruma. Nikaahidi kunyamaza."

"Lakini nyumbani kwake alisema mama yake amekufa! Liévin aliniambia walifanya matanga!"

"Ndiyo."

"Na ni yeye huyo huyo Papa Zacharie anayesema nyumba yake haitaingiza mikono inayosugua migongo ya walozi. Mikono yangu hii! Ndiye amemuapisha Liévin asivuke geti letu!"

"Sasa unajua kwa nini," sista alisema. Alimshika bega. "Sikiliza, mwanangu. Papa huyo amekubali mwishowe, si ndiyo? Bon. Panda ndege. Ukifika Butembo, ukishafunga ndoa, utamwambia mume wako taratibu. Ukimwambia leo, unaharibu yote kwa siku moja."

Lilikuwa neno la busara, na Fortunée alilishika kwa mikono miwili. Atamwambia, ndiyo, kwani nani alisema hatamwambia? Ila si leo. Miezi kumi na minne ya mapenzi ya kusimama getini, leo ndiyo siku yake ya furaha. Hivi kuitaka furaha nayo ni dhambi? Alinawa uso, akavaa kitenge chake cha njano, akatoka.

* * *

Liévin alikuwa amekwisha kufika. Alisimama upande wa barabarani kama siku zote, mwembamba, shati lake jeupe limelowa jasho kwa kuendesha baiskeli, na alipomwona alitabasamu kwa namna ile ambayo Fortunée aliiota usiku.

"Papa amekubali kabisa," alisema kabla hata ya salamu. "Alisema tu utaapa mbele ya padre kwamba hutarudi kwenye kazi hii. C'est tout, ni hilo tu. Chérie, tunaondoka! Kesho saa tatu!"

"Kesho," Fortunée alirudia.

"Juu ya nini hucheki? Hebu lete mukono."

Akaupitisha kati ya nondo. Liévin akaushika kwa mikono yake yote miwili, na kidole gumba cha Fortunée, kwa mazoea tu, kikaenda chenyewe kwenye kanundu. Alifumba macho. Alikuwa anampenda mtu huyu. Alimpenda kwa sauti yake ya upole, na kwa vile alivyoona aibu kila alipokula mbele yake. Sema ndiyo, akajiambia. Sema, wewe mwanamke, usiwe mjinga.

"Liévin, koko yako mlimzika wapi?"

Sijui swali hilo lilitoka wapi. Hata yeye hakujua.

"Koko?" Liévin alishangaa. "Kwenye njia ya Bafwasende. Papa alikuwa anamupeleka Butembo, akafia njiani, akamuzika peke yake. Miye nilikuwa bado Yangambi kwenye masomo. Nilifika nikakuta matanga. Tulinyoa nywele, nililala chini siku tatu, lakini kaburi sikuliona." Akamtazama usoni. "Juu ya nini unaniuliza leo?"

"Nilitaka tu kujua."

"Yeye ndiye alinilea. Wakati mwingine nawaza, alipokuwa anakufa pale porini, pengine aliniita. Aliniita na mimi niko mbali nasoma mambo ya mihogo." Alijaribu kucheka, haikuwezekana. "Bon. Tuache. Sema ndiyo, Fortunée. Unanitesa."

Mbali, upande wa daraja la Tshopo, bunduki ilialika mara tatu. Wote wawili waliinama bila kutaka. Na hapo, akiwa ameinama, Fortunée akaona jambo ambalo masœur hakulitaja. Taratibu ya nani? Watu wote walisema mabomu ya majeshi yale mawili yatarudi kuanguka wiki hii. Yakiangukia nyumba hii, Mama Masika atakufa kweli, na siku yeye Fortunée atakapomwambia Liévin, atakuwa anamwambia habari za maiti. Na atamwambia akiwa amevaa pete yake.

"Ingia ndani," alisema.

"Wapi?"

"Humu. Vuka geti."

"Chérie, unajua niliapa kwa Papa."

"Kama unanipenda, ingia. Kama huingii, kesho usinisubiri." Alikuwa analia sasa, na hakujificha. Akafungua komeo.

Liévin aliiegemeza baiskeli yake ukutani. Kisha akavuka.

Mama Masika alikuwa amekaa ukutani, anachambua majani ya muhogo ya pondu. Hakuinua kichwa. Macho yake yalikuwa yamefifia, watu kwake walikuwa vivuli tu. Liévin alimwona, akasimama. Fortunée alimsikia akivuta pumzi, na pumzi hiyo hakuitoa.

"Nani huyo?" Mama Masika aliuliza.

Liévin alipiga magoti, akamwekea mkono wa kushoto mapajani, juu ya majani. Mama yule akaupapasa kidole kwa kidole, akafika pembeni. Kisha akauvuta mkono ule hadi shavuni kwake.

"Walisema umekufa," Liévin alisema. "Koko, tulikulilia."

"Najua, baba yangu. Zacharie alinieleza. Usimukasirikie."

Ilikuwa baadaye sana, wazee wamekwisha kuondolewa uani kwa heshima, ndipo Liévin alipogeuka kumtazama Fortunée. Macho yake yalikuwa mekundu, na hayakuwa na upole.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu saa nane leo."

"Na pale getini? Ulipokuwa umenishika mukono?"

"Nilijua." Angeweza kudanganya. Hakudanganya. "Nilitaka kunyamaza, Liévin. Nilikuwa nimekwisha kunyamaza. Nilitaka kwanza tuoane."

Alingoja amtukane. Liévin alijifunika uso. "Mwaka mzima na zaidi nasimama pale," alisema, "na yeye iko hatua ishirini. Wewe unamuogesha, mimi nachezea vidole vyako. Nani amekosa hapa?"

Walikaa bega kwa bega kwenye benchi hadi jua likaanza kushuka, na jambo lililokuwa wazi kwa wote wawili hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema. Nafasi zilikuwa mbili. Koko hakuweza kwenda peke yake kwa watu waliomfanyia matanga, alihitaji mjukuu wake wa kusimama mbele yake.

"Kesho nitakusaidia kumbeba," Fortunée akasema.

"Nitarudi kukuchukua."

"Ndiyo," akajibu. Ndiyo aliyoiandaa siku nzima, akaitoa kwa neno ambalo hakuliamini.

* * *

Walimpakia Mama Masika kwenye baiskeli ya toleka, ile ya kubebea abiria, amefungwa kitenge cha njano cha Fortunée kwa sababu hakuwa na nguo ya safari. Liévin alisukuma, Fortunée alitembea pembeni amemshika mgongo. Uwanjani watu walikuwa wamejazana karibu na ngazi ya ndege na mabunda yao, wengi ni wafanyabiashara wa kwao Butembo, majirani, watu wa misa moja. Papa Zacharie, aliyekuwa na nafasi yake mwenyewe, alisimama mbele yao na koti lake la Jumapili, akiangalia saa.

"Papa," Liévin alisema. "Nimekuja na mutu wa nafasi ya pili."

Papa Zacharie akageuka. Fortunée alikuwa amemchukia mtu huyu mwaka mzima bila kumwona karibu, na sasa alimwona: mzee mwenye mvi masikioni. Midomo yake ilifunguka. Fortunée angeweza kuapa kwamba ilikuwa inaanza kusema Mama.

"Zacharie," mwanamke mmoja alisema nyuma yake, akifanya ishara ya msalaba. "Huyu si mama yako? Si tulimulilia? Si tulikula matanga kwako?"

Watu wakarudi nyuma. Mtu mmoja akanong'ona neno ulozi, likapokelewa na wa pili, na wa tatu.

"Simujui," Papa Zacharie akasema.

"Papa!"

"Nimesema simujui huyu mama! Umedanganywa. Ni hawa batu wa nyumba ya wazee, wanataka kupakia mutu wao bure."

Liévin alimwegemeza koko yake kwa Fortunée, akapiga magoti kwenye vumbi. "Koko, sema. Waambie jina lako. Waambie wewe ni mama ya nani, tuondoke."

Mama Masika aligeuza uso upande ilikotoka sauti ya mwanawe. Pengine aliona kivuli cha koti, pengine hakuona kitu. Lakini pumzi za watu alizisikia vizuri, na neno lililokuwa linapita kati yao alilijua kuliko mtu yeyote pale. Akakaza kitenge kifuani.

"Huyu kijana ameniona vibaya," alisema, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo. "Ananifananisha. Miye sina mutoto anaitwa Zacharie."

Papa Zacharie alishika chuma cha ngazi. Injini ilikuwa imekwisha kuanza kunguruma na watu wakaanza kusukumana kupanda, wakimzunguka mbali yule mama.

"Liévin, panda!" baba yake alipaza sauti.

"Panda," Fortunée naye akasema. Alimsukuma kifuani. "Nitabaki naye, nakuahidi. Hapa tutakufa wote kwa ajili ya nini? Panda, mpenzi wangu, nakusihi!"

Liévin alimtazama baba yake juu ya ngazi. Akamtazama koko. Kisha akashika usukani wa baiskeli.

"Miye nilikwisha kuvuka geti," akasema.

Mlango ukafungwa. Mara ngapi Fortunée alikuwa ameomba usiku Liévin amchague yeye mbele ya baba yake? Sasa amechagua, mchana kweupe, mbele ya watu, na yeye alichosikia ni hofu tupu. Mji waliokuwa wanaurudia ulikuwa umefunga maduka tangu saa mbili asubuhi. Ndege ikapita juu yao, ikageukia mashariki.

Walishika barabara ya kurudi. Askari kwenye kizuizi waliwaambia wafanye haraka, wasionekane nje tena leo wala kesho. Liévin alisukuma baiskeli ameinamisha kichwa, machozi yanamdondoka juu ya usukani naye hayafuti. Fortunée aliweka mkono wake juu ya wake, ukakaa hapo.

Karibu na soko tupu, Mama Masika akainua kichwa.

"Fortunée."

"Mama."

"Walimupatia mahali karibu na kioo? Ule mutoto wangu Kambale, toka utoto wake, anatapikaka sana safarini."

Fortunée akamtazama Liévin, na Liévin akageuza uso upande wa pili.

"Ndiyo, Mama," akasema. "Walimupatia."